Chakula cha Waliovuka Sitini

Genoveva wa Goba alifundisha darasa la pili mpaka akastaafu, kisha akafuga kuku, na kwa miaka kadhaa hakumsumbua mtu. Halafu akamsindikiza mkwewe Tupokigwe kliniki kumpima mtoto, akamkuta nesi anaeleza kwamba kila umri una chakula chake. Alirudi nyumbani kama mtu aliyeokoka.

Sinia walilozoea kulia wote lilitundikwa ukutani. Mtoto alipewa mkeka na parachichi la kupondwa. Tupokigwe, kwa kuwa ananyonyesha, alipewa kochi, maharage, na ruhusa ya kuongezewa bila kuomba. Mezani alibaki mumewe Edgar, fundi umeme, na dona lake na nyama, kwa sababu ya nguvu za kazi. Wazee walihamishiwa dirishani: samaki wa kuchemsha, mlenda, chumvi ya kunusa tu. Huko alikaa Bibi Editha, mama mkwe wa Genoveva, asiye na jino wala pingamizi.

Tatizo likawa mume. Adelard alikuwa karani wa ofisi moja mjini, na umri alikuwa nao wa aina mbili, kama mashati. Wa nyumbani ulikuwa sitini na nne. Wa kazini, hamsini na sita. Watu wanastaafu wakiwa na sitini, na nyumba ilikuwa bado haijapigwa dari.

"Presha yako haijui umri wa kazini," Genoveva alimwambia, akamkalisha dirishani.

Wakaishi hivyo kwa amani mpaka Jumapili moja, chakula ndio kwanza kimepakuliwa, mlangoni akasimama Polikarpo, afisa utumishi wa ofisi ile ile, ametoka Mbezi Luis kuja kumwona mtoto. Mkononi ana sabuni na kanga.

"Karibu, mama mkwe wako anakupenda!" Genoveva akasema.

Polikarpo akaangaza macho sebuleni. "Shemeji, mbona mmekaa kimajimbo?"

Mwalimu haulizwi swali mara mbili. Genoveva akaeleza kundi kwa kundi, akionyesha kwa upawa. Edgar akakohoa. Akakohoa tena.

"Na kule dirishani?"

"Waliovuka sitini."

Adelard alikuwa ameshasimama. "Mie nilikuwa namchambulia mama miiba," akasema, akaenda mezani akavuta bakuli la Edgar na kuzamisha meno kwenye nyama ya mbuzi mzee kuliko umri wake wa kazini.

"Mwacheni ajivunje taya," Bibi Editha akasema. "Siku ya Uhuru nilikuwa nimembeba mgongoni huyo."

Hata mtoto aliacha parachichi.

"Bibi anachanganya," Edgar akasema. "Ilikuwa Muungano."

Tupokigwe akapiga hesabu haraka. "Azimio la Arusha, Bibi!"

"Mbele kidogo," Adelard akasema, mdomo umejaa.

"Uhuru!" Bibi akagonga kijiko. "Nina akili zangu mie. Nyimbo mpaka asubuhi, na huyu analia tu!"

Polikarpo alivuta kiti kilichoachwa wazi dirishani, akaketi, akausogeza mlenda karibu. Kazini alijulikana kuwa na arobaini na tisa, nywele nyeusi tii.

"Tumbo tu limechafuka, shemeji," akasema, akaanza kula. Alikula vizuri. Samaki wa kwanza akaisha, akajilamba kidole, akamgeukia Bibi.

"Ni kweli zilikuwa nyimbo. Sie darasa la kwanza tuligawiwa maandazi mawili mawili."

Kisha akaacha kutafuna.

Edgar akatazama feni. Genoveva alimwongezea samaki, akaondoa kopo la chumvi mbele yake.

Adelard akaitema ile nyama kiganjani, akabeba kiti cha mezani, akarudi dirishani.

"Sogea basi, kaka," akasema.

Polikarpo akasogea.