Mkongojo wa Ruthu

Miaka ya ruksa ilipofika, biashara ikafunguliwa na maduka ya Dodoma yakajaa, wengine walikimbilia sukari na vitenge. Ruthu Matonya alisimama mbele ya kioo cha duka akitazama vitasa.

Vilikuwa vitasa vya kuzama. Kabla ya hapo, milango mingi mjini ilifungwa kwa komeo na kufuli, kazi ya kupigilia na kwenda zako. Hiki kipya kilitaka kuzikwa ndani ya unene wa mlango wenyewe, na kaburi lake likipinda kidogo tu, ulimi haukutani na tundu la fremu, na mwenye nyumba anakulaani kila akishika ufunguo.

Ruthu alikuwa mtu wa Mvumi. Baba yake alichonga mizinga ya nyuki, naye alikua akimshikia magogo, akisikiliza chuma kikila moyo wa mti. Alipokuja mjini, karakana iliyokubali fundi mwanamke ilikuwa moja tu, ya Mzee Shaibu kule Majengo, ambaye babu zake walifika na misafara kutoka pwani wakanogewa, wakabaki. Shaibu alimpokea kwa utani na hakuuacha tena.

"Wewe Mgogo, mlango umeujulia wapi? Kwenu si mnaziba kwa miiba?"

"Na nyie, fundi, mlitoka pwani na milango kichwani?"

Mzee alimfundisha yote, isipokuwa kile ambacho hakuna awezaye kumpa mwenzake: jicho lake. Shaibu alitoboa shimo la kitasa bila rula, keke ya kutobolea imebanwa kifuani, jicho moja limefumbwa, na shimo likanyooka kama adhana. Ruthu alipojaribu hivyo, keke ilitokea ubavuni mwa mlango. Alilia chooni. Kisha akaacha kulia, akatafuta vipande vya mbao za mkongo.

Akaunda kalibu: mbao mbili za kuukumbatia mlango kutoka pande zote mbili, na juu yake kipande cha bomba la chuma alichokata kwenye baiskeli mbovu. Ukishaibana kalibu mlangoni, keke inapita ndani ya bomba na haina pa kupotelea. Kwenye keke alifunga uzi mwekundu. Uzi ukigusa bomba, kina kimetosha.

Shaibu aliizunguka kalibu ile kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa.

"Ya mti gani?"

"Mkongo, fundi."

"Basi huo ni mkongojo. Fundi mzima hatembei na mkongojo."

Karakana nzima ilicheka, na jina likaganda. Ruthu aliufunga mkongojo wake kwenye baiskeli akaenda Area D, nyumba kwa nyumba, na kila mlango alioufungia kitasa uliitika ufunguo mara ya kwanza. Alitamani neno moja tu kutoka kwa Shaibu. Halikuja.

Kisha Shaibu akaugua. Alipopona, mkono wa kulia ulibaki ukitetemeka, naye akawa anauficha mfukoni. Mwaka huohuo binti yake Nasma akaposwa, na Shaibu akala kiapo mbele ya wakwe: mlango wa chumba cha mwanangu nitaufanya mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Aliuunda kwa mninga, polepole, mkono wa kushoto ukiusaidia wa kulia. Kikabaki kitasa.

Asubuhi hiyo aliishika keke, akaiweka chini. Akaishika tena. Ncha yake ilicheza juu ya mbao kama mguu wa kuku. Mafundi wakainamia kazi zao, wakapiga randa kwa kelele kuliko ilivyohitajika. Ruthu alijua akimwambia "nipe nikusaidie" atakuwa amemvunjia kiapo. Akazidi kupiga randa yake.

"Ruthu."

"Naam, fundi."

"Ule mkongojo uko wapi?"

Randa zote zikanyamaza. Ruthu akaweka yake chini. Kumhurumia mzee yule mbele za watu kungekuwa kumzika, na utani ulikuwa mlango pekee uliobaki wazi kati yao.

"Kwani nani kaumia mguu?"

Shaibu akamtazama. Taratibu, uso ukakunjuka. "Mimi, mwanangu. Ila mguu wenyewe umepandia mkononi."

Kicheko kilitikisa mabati. Ruthu akaileta kalibu, akaibana mlangoni, akarudi nyuma hatua nzima, mikono mgongoni, wote waone kwamba hagusi kitu. Shaibu akaingiza keke katika bomba. Mkono ulitetemeka, bomba halikutetemeka. Uzi mwekundu ukashuka, ukagusa. Akasogeza, akatoboa tena, akasafisha kwa patasi, mpaka kitasa kikaingia shimoni kwa kusukumwa na kidole gumba.

Siku ya kuupachika mlango, Nasma alizungusha ufunguo. *Tak.* Mama mkwe akauliza nani fundi wa kitasa hiki.

"Mimi mwenyewe," alisema Shaibu, na mkono wake haukuwa mfukoni. "Kwa kalibu ya Ruthu."

Ruthu, aliyesimama nyuma yao, alisikia neno hilo: kalibu, si mkongojo. Akainama kufagia maranda ambayo hayakuwepo.