Kona ya Nne ya Lupango ya Kabeya

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa fimbo ya chuma yenye ncha, ndefu kunipita. Bwana Jeometa, ndiye mpimaji wa ardhi wa serikali, aliangalia miguu yangu kabla ya kuniangalia uso.

"Shule ulifika wapi?"

"Ya tatu, Bwana."

"Unajua kuandika?"

"Jina yangu na ya mama."

"Inatosha. Benye kuandika sana banabakia ku biro, mu ofisi. Weye utatembea."

Nikatembea miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mnyororo wa kupimia na kutafuta mawe ya mpaka. Lupango ndivyo sisi watu wa Lubumbashi tunavyoita kiwanja pamoja na nyumba na uzio wake, na kwenye kila kona ya lupango wapimaji walizika kipande cha saruji. Miaka ikipita, udongo unakimeza. Basi unachoma fimbo chini na unasikiliza kwa kiganja. Udongo mtupu hausemi kitu. Mzizi unarudisha fimbo polepole. Jiwe linagonga hadi kwenye meno. Mimi, mtoto wa mchimba shaba, nilikuwa nafikiri mji ni nyumba na barabara. Kumbe chini ya miguu yetu kulikuwa na maelfu ya mawe yamekaa kimya, na hayo ndiyo yaliyojua nani anaishi wapi. 

Bwana Jeometa alipohamishwa, Shefu wa Kartie, mkuu wa mtaa, akanichukua. Yeye ndiye aliyetoa fishi, yaani karatasi ndogo inayosema lupango fulani ni ya fulani. Alikuwa mtu wa kunywa chai baridi na kuona mbali. Aliniambia: "Banza, kama bwana anauzisha nyumba, usiangalie bwana. Angalia mama. Kama mama iko analia, ile hapana nyumba, ile ni kesi." Mara mbili sikumsikiliza, na mara zote mbili nilitoa ushahidi mbele ya hakimu nikiwa na jasho.

Mwalimu wangu wa tatu, na wa mwisho, ni mzee tuliyemwita Komisionere Mukubwa. Komisionere ni dalali wa nyumba. Ofisi yake ilikuwa kiti cha mbao mbele ya fundi cherehani kule Kamalondo. Siku zile shaba ililipa vizuri na nyumba ziligombewa. Nyumba ikitangazwa saa mbili asubuhi, saa nne makomisionere sita wamesimama mlangoni, kila mmoja na mnunuzi wake, na wawili kati yao wanaapa kwamba ni wapwa wa mwenye nyumba. Mimi niliwashinda kwa vichuguu. Mji wetu umejaa vichuguu virefu kuliko nyumba, na wageni waliviogopa. Wenzangu walipunguza bei. Mimi nilimshika mnunuzi mkono na kumwambia: "Patron, ile ni matofali yenye kusimama. Unavunja, unachoma, unajenga nyumba na choo, udongo inabakia." Na ilikuwa kweli. Wadudu wasio na macho walikuwa wamemjengea mtu nyumba kabla babu yake hajazaliwa.

Komisionere Mukubwa alinifundisha jambo moja linalopita yote: kuzungusha kona. Kabla pesa haijatoka mfukoni, muuzaji, mnunuzi na majirani wote wanatembea pamoja kutoka kona hadi kona. Kwenye kila kona wanasimama, jirani wa upande ule anasema "ni hapa," kisha anatia kidole kwenye karatasi ya mauzo. "Fishi ni ya serikali," aliniambia, "lakini kona ni ya majirani. Serikali inaweza kulala. Jirani hapana kulala."

Na serikali ililala. Kampuni ya shaba ikaanza kuchelewesha mishahara, halafu ikaacha kabisa. Ukaja uporaji, hata ofisi ya ardhi ikabebwa karatasi zake. Siku moja nilinunua karanga sokoni, nikafungua kile kikaratasi, nikaona mistari ya buluu ninayoijua. Ilikuwa ramani ya mtaa nilikovuta mnyororo mwenyewe. Nilisimama pale karanga zikinidondoka. Mji mzima ulikuwa unafungiwa karanga.

Halafu ukaja mwaka wa aibu. Majirani zetu wenye asili ya Kasai, mkoa mwingine wa nchi yetu, waliambiwa na wanasiasa warudi kwao. Kwao wapi? Wengi walizaliwa hapa, kwa mama waliozaliwa hapa. Walirundikana kwenye stesheni wiki baada ya wiki, wakingoja treni, na nyumba zao ziliuzwa kwa baiskeli, kwa gunia la unga, au ziliachwa tu. Makomisionere tulipata kazi nyingi kuliko tulivyopata kuota. Sitasema uongo: nilifurahi mwezi wa kwanza.

Mzee Kabeya, fundi wa reli aliyestaafu, alikuja kwangu mwezi wa pili. Mke wake, Mama Ngalula, alikuwa amepasuliwa tumbo wiki tatu kabla na mshono haujafunga. Treni ilikuwa ya mabehewa yasiyo na paa, na watu walikuwa wanafia humo. Kulikuwa na lori moja ambalo dereva wake alikubali kumlaza mgonjwa ndani, mbele, lakini aliuza nafasi ile kama dhahabu, na alikuwa anaondoka Jumapili. Kabeya alikuja kwangu Alhamisi.

"Banza," aliniambia, "nyumba ninaweza kuachia. Mama siwezi kumupandisha mu ile treni. Tafuta muntu."

Nilimpata. Aliitwa Patron Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, aliyekuwa akileta mafuta ya kupikia na chumvi kupitia mpaka wa Kasumbalesa, Mkristo wa kusali kabla ya kula pipi. Pesa alikuwa nayo. Lakini aliweka sharti.

"Nyumba ya kunyang'anya siinunue. Majirani batembeye kona zote, batiye kidole. Bakikataa, nitaacha."

"Patron, siku hizi? Barabarani kuna vijana na fimbo."

"Basi kama majirani banaogopa kusema nyumba ni yake, miye nitasema nini mbele ya Mungu?"

Vijana wale walikaa pembeni mwa barabara kutwa nzima, wakihesabu nani anawasaidia wanaoondoka. Anayesaidia, walisema, apande treni naye. Na kona ya nne ilikuwa na shida yake. Upande ule aliishi Mzee Ngoy, mtu wa kaskazini ya Katanga, mkoa wetu, kama mimi, Mkatoliki, fundi wa kushona viatu. Mpakani mwao kulikuwa na kichuguu. Ngoy alikivunja, akachoma matofali, akajenga jiko la mke wake, kisha akapanda uzio. Kabeya alisema jiko limeingia kwake. Ngoy alisema halijaingia. Wakaacha kusalimiana miaka kenda. Wake zao walisalimiana sokoni tu, ambako waume hawaonekani.

Hapa ninakiri kosa langu, maana vijana wanaoanza kazi hii watalifanya pia. Fimbo yangu ya chuma niliiacha nyumbani. Nilikuwa na haraka, nikaandika mpaka kwa kufuata uzio. Nilijiambia: mtu anaondoka, ardhi ya kugombania haina faida kwake.

Jumamosi asubuhi tukaanza. Kwenye kona ya kwanza nilibisha mlango wa bati wa jirani wa kushoto.

"Mama hayuko!" ikajibu sauti.

"Na nani anajibu?"

"Mutoto!" ikasema sauti ya mwanamke wa miaka hamsini.

Tukangoja. Vijana kule barabarani wakacheka. Halafu chini ya mlango wa bati ukatoka mkono, kidole gumba kimenyooshwa. Nikakipaka wino, nikakigandamiza kwenye karatasi, mkono ukarudi ndani kama mjusi. Patron Kambale aliangalia alama ile kwa muda.

"Na ule ni jirani," akasema.

Jirani wa nyuma alitoka mwenyewe, akatembea kona ya pili na ya tatu bila kuinua macho, akatia kidole, akaondoka karibu anakimbia. Ikabaki ya nne. Hakuna aliyetaka kumwita Ngoy. Kabeya alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumlainisha Patron, aridhike na kona tatu.

Ngoy akatoka bila kuitwa. Mkononi alikuwa na jembe. Vijana wakasimama, walifikiri wanaona vita. Hata mimi nilirudi nyuma hatua moja.

"Kabeya," akasema.

"Ngoy."

Miaka kenda ilikuwa imepita tangu majina hayo yasemwe uso kwa uso.

"Unauzisha lupango?"

"Ninauzisha."

"Yote?"

"Ile yenye ulinibakishia."

Mtu mmoja akacheka. Ngoy hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo cha kiatu.

"Bon. Kuya nikuonyeshe ile ingine." Akageukia nyumba yake. "Mama! Tosha basufuria mu jiko, leta inje!"

"Weye uko na kichwa mubaya?" mke wake akapiga kelele kutoka ndani. "Ndizi iko ku moto!"

"Tosha na ndizi."

Tukaingia wote mle jikoni, Patron na suti yake, Kabeya, mimi. Vijana wakasongamana mlangoni. Ngoy alisogeza mbabula, lile jiko dogo la makaa, akapima kwa unyayo kutoka ukutani, akaanza kulima sakafu yake ya udongo. Alisema huku analima, hakutuangalia.

"Jiwe nilihamisha miye. Mulikuwa mumeenda ku kilio, nyumba yote. Nilishimbula, nikapeleka ku uzio. Hatua ine. Kutoka barabara mpaka nyuma."

Kijana mmoja aliyekuwa mlangoni, nadhani alimwonea huruma kweli, akamwambia: "Papa Ngoy, achia. Beko banaenda! Keshokutwa lupango yote inaweza kuwa yako."

Ngoy akasimama, akaegemea jembe.

"Njo maana ninafanya leo, mwana. Miaka kenda nilimushinda huyu kwa kubisha. Kesho nitamushinda juu hakuna muntu. Ule atakuwa ushindi gani?"

Alilima tena, kisha akaniita. "Banza, weye njo fundi. Angalia."

Nilipiga magoti. Wapimaji wa zamani walikuwa na akili: chini ya kila jiwe walizika makaa na vipande vya chupa, ili mwizi akihamisha jiwe, mahali pake pabaki na shahidi. Niliingiza vidole kwenye udongo ule wenye joto la mbabula nikatoa makaa meusi, kisha kioo cha kijani, kimoja, viwili, vitatu. Niliviweka kwenye kiganja cha Kabeya. Mimi niliyejisifu mjini kote kwamba hakuna jiwe linalojificha mbele yangu sikuwa hata nimetafuta, na mwizi mwenyewe ndiye aliyenionyesha.

Patron Kambale alivua kofia mle jikoni kama yuko kanisani. Nikasahihisha karatasi, nikatia hatua nne ndani yake, naye akaongeza bei bila kuombwa. Ngoy akatia kidole. Vijana walitupisha njia. Sijui kwa nini. Nafikiri nao waliona kitu walichokuwa hawajapata kukiona.

"Na ile miaka kenda ya kupika ndizi mu lupango yangu?" Kabeya akamwuliza, wakiwa barabarani.

"Utanidai mbinguni."

"Kama utafika."

"Safari muzuri, Kabeya."

"Kaa muzuri."

Hawakukumbatiana. Jumapili Mama Ngalula alilala ndani ya lori, mbele, na tulisikia baadaye kwamba alifika. Patron Kambale alimwambia Ngoy jiko libaki, yeye halihitaji. Ngoy alikataa. Alilibomoa mwenyewe wiki ile, tofali moja moja, na mke wake akapika nje msimu mzima wa mvua akimtukana kila asubuhi kwa sauti ya kufika Mokambo, kule mpakani.

Nimeuza nyumba kwa miaka mingi baada ya hapo. Nimewauzia wenye vyeo na wachuuzi, nimepata yangu bila diploma, na sioni haya kusema nilikuwa mzuri. Lakini baada ya Jumamosi ile nilichukua fimbo ya chuma nikarudi kimya kimya kwenye kila lupango iliyopita mikononi mwangu kwa haraka mwaka ule. Tatu zilikuwa na mpaka wa uongo. Mbili nilizitengeneza mwezi uleule. Ya tatu ni ile ninamolala. Niliinunua mwaka uleule, kwa bei ya mwaka ule, na fimbo iligonga jiwe hatua mbili ndani ya uzio wangu. Jirani wa upande ule alikuwa ameshaenda na treni. Nikarudishia udongo, nikaukanyaga.

Binti yake alirudi kutoka Kasai baada ya miaka kadhaa, akafungua nyumba ya wazazi wake. Kila asubuhi alinisalimu, "Jambo, Papa," nami nilimwitikia. Siku nilipoacha kazi, wenzangu walinipikia, wakanisifu sana, na nilirudi nyumbani nikashindwa kukaa. Kesho yake nilimwita yule binti, nikachimbua jiwe mbele yake na mbele ya wanangu, ambao walinikasirikia. Nikasogeza uzio. Alisema, "Mi sikujua kabisa, Papa." Nikamwambia mimi nilijua.

Kutoka siku niliyoligonga jiwe lile hadi siku niliyolionyesha ilipita miaka kumi na minne, na hakukuwa na kijana mwenye fimbo mlangoni kwangu. Ngoy alifanya vile asubuhi moja, ndizi zikiwa motoni. Amekufa sasa. Ninapopita mbele ya lupango yake ninavua kofia, na watoto wanaocheza pale wanafikiri ninawasalimu wao, wananijibu wote pamoja.