Mama Aliyeninyima Odowa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huwa naikumbuka kila nikimwona mwanamke mjamzito akifungua mkoba wake na kutoa kijiwe. Jana ulipokuwa ukiosha vyombo hapa kwangu nilisikia kru, kru, nikajua hizo si njugu. Usione haya. Mimi ni mama mkwe wako, si askari wa kanjo wa jiji, na meno yangu yalitafuna odowa, hayo mawe laini ya udongo, kabla wewe hujazaliwa. Kaa hapo, chai iko kwenye chupa, nikusimulie.

Tulikuwa tukiishi Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba mkwe wako alikuwa kwenye magari moshi, leo yuko Mombasa, kesho hujui. Njoroge wako alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, mtundu huyo, na mimi nilikuwa na mimba ya pili. Mimba ile ilikuja na uchu wa odowa ambao siwezi kukueleza, ila nadhani wewe huhitaji kuelezwa. Unajua ile harufu ya vumbi likipigwa na mvua ya kwanza? Basi hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta asubuhi na jioni. Wali ulinichefua, sukuma wiki ilinichefua, lakini jiwe lile laini liliteremka kama peremende.

Aliyekuwa akiniuzia pale sokoni ni Mama Odhiambo, mama wa makamo kutoka pande za ziwani, mnene, mwenye maneno machache. Aliuza omena, wale dagaa wadogo, nyanya, na pembeni kabisa, juu ya gunia, mafungu madogo ya odowa. Nilikuwa mteja wake mzuri hata akawa ananiongezea kijiwe kimoja cha bure.

Kisha asubuhi moja nikafika, nikanyoosha mkono, naye badala ya kunipa jiwe akaushika ule mkono. Akaugeuza kiganja juu. Akaniinamisha kidogo, akavuta chini ngozi ya jicho langu kwa kidole chenye harufu ya omena, akaangalia. Halafu akakunja gunia juu ya mawe yake yote.

"Wewe sikuuzii tena," akasema. "Nenda hospitali."

Mwanangu, nilikasirika! Na hapa nisikudanganye, unajua nilifikiria nini. Sisi watu wa Nairobi tukinyimwa kitu hatuulizi kwa nini, tunauliza aliyetunyima ni kabila gani. Nikajiambia huyu Mjaluo ananinyima kwa sababu mimi ni Mkikuyu. Nikawaambia majirani hivyo, nao wengine wakaniongezea ya kwao. Nikavuka barabara nikaenda kununua kwa mwingine ambaye hakunitazama hata usoni. Wazee walisema, akunyimaye kunde kakupunguzia mashuzi. Mimi kunde zangu nikazifuata mbali, kwa miguu, na mimba yangu.

Nikawa napanda ngazi mbili tatu napumzika. Moyo unanidunda nikiwa nimekaa tu. Nilidhani ndivyo mimba ilivyo. Kliniki nilikuwa nikienda, na nesi aliponiuliza ninakula nini nilisema ugali, mboga, maziwa. Nani ataenda kumwambia nesi kwamba anakula mawe? Na vile vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa, vilikuwa kabatini, kwa sababu vilinipa kichefuchefu. Mficha uchi hazai, mwanangu, na mimi nilikaribia kweli kutozaa.

Nilianguka pale kwenye mfereji wa kuchotea maji nikiwa na ndoo. Uchungu ukaanza hapo hapo, kabla ya wakati wake. Wanawake wa ploti, majirani zangu, wakanibeba mpaka hospitali, na huko daktari alipopima damu akawatoa nje, akawaambia wazi kwamba damu yangu imekwisha sana, nikijifungua vile nitakufa, na mtoto pengine tutaandamana naye. Inatakiwa damu ya kuongezwa, na inatakiwa sasa. Baba Njoroge yuko safarini, simu za mkononi hazijakuja, ndugu zangu wako Murang'a. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Majirani waliokuwa wakiniongezea maneno wakaanza kutazamana. Kutoa damu enzi hizo watu waliogopa, wakisema ukitoa hairudi.

Mama Odhiambo aliletewa habari pale sokoni. Aliacha omena juani, mali yake yote, akaja na aproni yake ile ile akakunja mkono wa gauni. Damu yake ikapimwa, ikapatana na yangu. Nilikuwa nusu niko nusu sipo, lakini nakumbuka nilimwona amelala kitanda cha pili, ananitazama bila tabasamu. Nilijifungua alfajiri, mtoto msichana, mdogo kama kopo la maziwa, analia. Asante Mungu, analia.

Baadaye nesi alinieleza kwa upole. Alisema udongo ule una madini ya chuma ndani yake, ndiyo maana watu hudhani unaongeza damu, lakini tumbo haliwezi kuyatoa humo. Tena udongo hukishika hata chuma kilicho kwenye mboga na vidonge, ukapita nacho. Na mengine hujui: jiwe moja lina madini ya risasi yanayodhuru mtoto tumboni, lingine lina mayai ya minyoo. Mwili ukitamani mawe, alisema, mara nyingi unalia kwamba hauna damu, na wewe unaunyamazisha kwa kitu kinachozidi kuimaliza.

Mama Odhiambo alipokuja na chupa ya uji nilimwuliza, huku nalia, kwa nini hakunieleza siku ile.

"Ungesikia?" akasema. "Ulinipa kabila kabla sijakueleza sababu, majirani walinifikishia. Mimi nauza haya mawe, nina watoto wa kulisha. Lakini viganja vyako vilikuwa vimekuwa vyeupe. Nikikunyima ukanichukia, hiyo nitaibeba. Nikikuuzia ukafa, je, nitaibeba na nani?"

Nikaupokea uji wake, nikanywa.

Usije ukaondoka hapa ukasema mama mkwe ameuchukia udongo. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na rovu shingoni kubwa kama embe, na sisi wajukuu hatuna, kwa sababu ya madini yale yanayotiwa kwenye chumvi. Ardhi ina ya kutujenga na ya kutubomoa. Kazi yetu ni kuuliza wanaojua kabla ya kutia mdomoni.

Sasa mama yake Baba Njoroge akafika kutoka Murang'a. Wewe ni Mkikuyu, mila zetu unazijua: msichana wa kwanza ni wa kuitwa jina lake yeye, hilo halina mjadala. Bibi yule alimbeba mtoto, akamtazama, kisha akamgeukia Mama Odhiambo aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akamwuliza jina lake hasa, alilopewa na mama yake. Akasema ni Akinyi. Bibi akasema, "Basi huyu ni Akinyi. Mimi nitasubiri wa pili." Na wa pili sikumpata, na bibi hakulalamika hata siku moja. Wewe na wenzako huwa mnamwuliza wifi yako Akinyi jina hilo alilitoa wapi, naye hucheka tu. Alilitoa hapo.

Kwa hiyo nisikilize. Kesho tunaenda kliniki, mimi na wewe, na utamwambia nesi unakula odowa, uitaje kwa jina. Vidonge utameza jioni baada ya chakula, na si kwa chai. Hamu ikija, njoo tukae, tuiongee mpaka ipite. Na usimhukumu anayekuzuia kabla hujamwuliza sababu.

Mungu akujaze damu, wewe na huyo uliye naye. Akufungue salama, usikie mtoto akilia. Na siku yoyote utakayonyoosha mkono kuomba kitu cha kukuua, mwanangu, Mungu akupe mtu wa kukunyima.