Maana ya Filimu ya Mume Aliyepungua

Mpaka leo mtu akinitajia filimu ile, damu inanichemka. Sisemi kwa mchezo. Ilibaki kidogo tu nirudishwe kwa baba yangu kule Wamaza, na watoto wangu watatu wabaki Kasongo kwa wakwe, kwa sababu ya kitu ambacho watu wamekitengeneza huko Ulaya ili wenzao wacheke. Na sisi hata hatukuelewa wanacheka nini.

Jirani yetu ana pano za sola juu ya bati, anachaji simu za mtaa mzima. Jumapili baada ya ibada simu zinajaa mezani kwake, na wenyewe wanakaa kwenye mabenchi wakingoja. Ili wasichoke kungoja, aliwawekea televisheni. Kuna mtu alimletea flashi kutoka Bukavu, na ndani yake mlikuwa na mfululizo wa vichekesho vya Kifaransa. Vichekesho! Mtu anazikwa huku bado anaongea kwenye simu, eti vichekesho. Bibi mzee anawafungulia wezi mlango na kuwaonyesha chumba cha dada yake, na watu wasioonekana wanaangua kicheko. Kila sehemu ilikuwa na hadithi yake, na nyumba yake, na watu wake. Ikiisha imeisha. Ila waigizaji walikuwa wale wale wachache, wanabadilisha nywele na nguo tu.

Hapo ndipo vurugu ilipoanzia. "Huyu si alikufa Jumapili ingine?" mtu anauliza, na mabenchi yote yanawaka. Baba mkubwa wa bwana yangu, aliyekuwa shemasi kanisani kwetu kabla ya kustaafu, ndiye aliyejipa kazi ya kufasiri. Yeye alisema ni mtu mmoja anayefufuliwa kila wiki ili aadhibiwe kwa dhambi mpya, na wale wanaocheka ni marehemu aliowakosea. Mama anayeuza mandazi pale mlangoni, Muislamu, mwenye ulimi, akamjibu: "Wapi, baba! Mapacha hao. Huko kwao watu wanazaa mapacha sana." Wakabishana mpaka mwenye nyumba akazima televisheni.

Mimi nilimaliza sekondari, na Kifaransa nakisikia. Basi ikawa kila wakati: "We mama, amesema nini? Tueleze!" Nikaeleza. Sikatai, nilipenda. Wiki nzima watu wananiuliza chumvi iko wapi na kiatu cha mtoto kiko wapi, halafu Jumapili wanyamaze wote wanisikilize mimi! Lakini mtu alinipa hata mandazi moja? Thubutu.

Sasa ikaja ile sehemu. Mke na mume mezani. Mke analeta supu, mume anakula, anaenda zake. Kesho yake hivyo hivyo, ila mume amekuwa mfupi. Siku inayofuata miguu haigusi chini. Hakuna anayesema neno. Mke anaendelea kuleta supu, anaendelea kumsogezea kiti karibu na meza, mpaka mwisho kwenye kiti pamebaki viatu tu, na mke anaviwekea sahani mbele yake. Watu wasioonekana wakacheka mno.

"Dawa," akasema baba mkubwa. "Iko ndani ya supu. Anamupunguza bwana yake kidogo kidogo."

Mama wa mandazi akasema ni ugonjwa ambao mume alificha. Mwenye nyumba akasema pengine flashi imeharibika. Wakanigeukia. Na siku hiyo bwana yangu alikuwepo, amekaa pembeni yangu. Yeye anaendesha pikipiki, anabeba watu na mizigo kati ya Kasongo na Kabambare. Barabara ile mvua ikinyesha ni wewe unayeibeba pikipiki. Anaenda wiki nzima, analala kwetu siku mbili, anaenda tena.

Mimi na mdomo wangu! Nikasema, "Hakuna dawa pale. Yule bwana hakai nyumbani, ndiyo maana anapungua. Bibi anapikia mutu ambaye haiko."

"Kama wako wa Kabambare!" akapiga kelele mama wa mandazi, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka. Bwana yangu akasimama, akachukua simu yake ikiwa bado haijajaa, akaondoka.

Jioni nikamwandalia bugali na samaki. Akaiangalia sahani. "Nimeshiba," akasema. Umeshiba nini? Tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni! Kesho yake, saa ya kula, nikamwona anavuka njia kwenda kwa mama yake. Na kesho yake tena, hata safari ya Kabambare akaiacha.

Mtu asiyekaa kwetu anaweza kusema, basi aende, chakula kitabaki kwa watoto. Haelewi. Mume kuvuka njia saa ya kula, mchana kweupe, majirani wote wakiwa milangoni, ni sawa na kutangaza sokoni kwamba mke wake anamtilia sumu. Wanawake wakaanza kunisalimia kwa mbali. Mama mmoja akarudisha bakuli langu la sombe, majani ya muhogo, likiwa limejaa vilevile. Nilitamani kulivunja kichwani mwake.

Halafu nikasikia baba mkubwa amekwisha kuifasiri upya ile filimu, na safari hii nimo ndani. "Sisi wote tulikuwa gizani, yeye peke yake alijua maana. Aliyejua maana atakosaje kujua dawa?" Ala! Kumbe zile Jumapili zote nilizokuwa natafsiri nilikuwa najitungia kesi. Wakakumbushana: ya mtu aliyezikwa, nani alieleza? Yeye. Ya wezi, nani? Yeye. Na tazameni mtoto wetu alivyokonda! Alikonda, ndiyo. Alikonda kwa malaria na kwa matope ya Kabambare, na mimi ndiye niliyemkanda maji usiku kucha. Hilo hakuna aliyelikumbuka, na mwenyewe alinyamaza.

Hicho kimya ndicho kilichoniuma kuliko maneno ya mzee. Miaka yote amekula mkononi mwangu, na hakufungua kinywa.

Wakaniita kwa mama mkwe. Wakakaa baba mkubwa, mama mkwe, mawifi wawili, na bwana yangu macho chini. Baba mkubwa akakohoa. "Mama, tueleze mbele ya familia. Filimu ile maana yake ni nini?"

"Baba, niko hapa kwa ajili ya bwana yangu ama kwa ajili ya viatu vya wazungu?"

"Jibu kwa heshima."

"Nilijibu. Mlicheka. Sasa mnataka nijibu mpaka lini?"

Wifi mkubwa akatikisa kichwa. Wakanong'onezana, kisha baba mkubwa akatoa uamuzi, na alikuwa anajisikia mpole sana. Hawanirudishi kwa baba yangu. Bado. Ila kuanzia leo, kila chakula nitakachompikia bwana, nikionje kwanza mbele yake, na wifi mmoja ashuhudie. Nikikataa, nifunge mizigo yangu, watoto wanabaki.

Kwetu anayemimina kinywaji anaonja kwanza mbele ya mgeni, na ni adabu nzuri. Lakini ni kwa mgeni! Mume niliyemzalia nimwonjee kama mpita njia, kila siku, na askari amesimama mlangoni?

Nikasema, "Sawa, baba. Tuanze leo."

Nikaingia jikoni kwa mama mkwe. Nikasonga bugali, nikapasha sombe, nikaongeza mawese na samaki, nikapika kama sijawahi kupika. Harufu ikaenda mpaka nje. Nikaleta, nikaweka chini, nikanawa mikono, nikakaa mbele ya sufuria. Bwana yangu akasogea. Nikamega tonge, nikachovya, nikala.

"Vizuri," akasema baba mkubwa. "Sasa mpe."

"Bado naonja, baba."

Nikamega la pili. Samaki pia wanaonjwa. Upande wa chini wa bugali pia unaonjwa, nani anajua nimeficha wapi? Nilikula bila haraka, namwangalia mtu mmoja tu. Hakuna aliyethubutu kunizuia, maana walikuwa wameamuru wenyewe. Tumbo langu likajaa, nikaendelea. Mama mkwe akafunika mdomo kwa kitenge, na mabega yake yakawa yanacheza.

Bwana yangu akameza mate. "Nipe basi," akasema chini chini.

"Unaogopa chakula changu?"

"Hapana."

"Baba mkubwa hasikii vizuri."

Akainua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Siogopi chakula cha bibi yangu!" akasema, na sauti yake ikajaa nyumba. "Sijawahi kukiogopa. Nilikuwa na haya, basi. Walinicheka."

Haya! Kwa sababu ya haya ningepoteza watoto. Nikapangusa sufuria kwa tonge la mwisho, nikalila mbele yake, nikasimama.

"Kimekwisha," nikamwambia. "Kesho njoo ule nyumbani."