Mhujumu wa Mashine ya Kusaga

Fundi wa mashine wa kijiji chetu cha ujamaa, jirani na Tura, ni mimi. Tulipoletewa mashine ya kukoboa mpunga, itumie injini moja na ile ya kusaga, ilitaka puli kubwa, lile gurudumu la mkanda, kwenye injini. Nikang'oa ndogo kimyakimya, nikafunga kubwa, nikajiona bingwa.

Asubuhi mashine ya kusaga ikazunguka kwa kasi mno, ikatetemeka, ikafuka moshi.

"Hujuma hii!" Mwenyekiti akafoka. "Mgambo, asitoke mtu!"

Ulimi wangu mjinga ukadakia: "Kweli, Ndugu Mwenyekiti, mhujumu afungwe!"

Mlango ukafungwa. Nikarudi nyuma, nikajibwaga juu ya chuma cha mviringo kilichokuwa pembeni.

Mama Hadija, msagaji wetu, akachungulia injini.

"Puli yetu ndogo haipo." Akanigeukia. "Fundi, hebu inuka hapo ulipokaa."