Mimi, Bata Mzinga na Ndala za Mama Mkwe

Bata mzinga alifugwa na mama mkwe wangu huko Kombewa, akaletwa kwetu Kisumu siku moja kabla ya yeye mwenyewe kuja kututembelea. Mke wangu alitaka tumkatekate tumchemshe. Nikakataa. Nilikuwa nimenunua jiko la makaa la duara, lenye miguu mitatu na mfuniko mzito, na nilikuwa nimejigamba kwa ukoo mzima kwamba nitamchoma bila kumkata hata bawa.

Nililiwasha uani nyuma ya nyumba, ambako njia ya kutoka ni moja tu, mlango wa jikoni. Makaa pembeni, ndege katikati, mfuniko juu. Kila baada ya saa moja hivi unaongeza makaa; ukichelewa, moto unalala na nyama inabaki mbichi mfupani. Mke wangu akaenda Otonglo kutafuta nyanya.

Mama mkwe akafika mapema. Nilisikia hodi mlango wa mbele, kisha kiti kikivutwa jikoni, na ndala zake zikatokea kizingitini. Sasa, kwetu Waluo, mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawapeani mikono, hawapishani mlangoni. Tumeheshimiana hivyo miaka kumi na mmoja. Na gunia la makaa lilikuwa jikoni, kando ya kiti chake.

Nikakohoa. Naye akakohoa. Ndala hazikusogea.

Nilisimama pale, baba wa watoto watatu, nimefungiwa nyumbani kwangu mwenyewe. Juu ya ukuta kuna vipande vya chupa, na ni mimi niliyevipanda. Mfuniko ulipoa hadi nikaweza kuuwekea kiganja. Nasema kweli, nilimchukia. Niliamini amekaa pale makusudi ili aone bata wake akiharibika, aende kusema bintiye aliolewa na mdomo mtupu.

Mke wangu aliporudi, alichungulia dirishani.

"Baba watoto, si utoke hapo. Mama anataka kuenda choo. Anakungoja tangu afike."

Nikageuka. Mlango wa choo ndio niliokuwa nimeuegemea.

Mama akapelekwa chumbani kwanza ndipo nikapita jikoni, macho sakafuni, nikatoka hadi barabarani. Aibu ilinifanya nisahau makaa kabisa. Nilipokumbuka na kurudi mbio, uani hapakuwa na mtu, na mfuniko ulikuwa wa moto, haushikiki.

"Asante kwa makaa," nikamwambia mke wangu.

"Makaa gani? Mimi nimekuwa nakata nyanya."

Alama nyeusi za ndala zilitoka penye gunia, zikavuka kizingiti, zikaishia kwenye miguu ya jiko.

Bata aliiva vizuri. Mama mkwe alikula chumbani na bintiye, mimi nikala sebuleni peke yangu, kama inavyotakiwa. Kupitia ukutani nikamsikia akiuliza kama nimewekewa paja.