Nusu ya Kushoto

Kwa karibu mwezi mzima nilimnunia baba yangu kwa sababu ya sukuma wiki. Alikuwa ametoka hospitali baada ya kiharusi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani, nisiyevuka lango la ploti yetu ya wapangaji bila sababu, ndimi niliyeachiwa kazi ya kumpikia. Nilipakua ugali upande wa kulia wa sahani, mboga kushoto. Ugali uliisha. Mboga haikuguswa. Nikaongeza nyanya. Nikatia maziwa, jinsi mama alivyokuwa akifanya. Sahani ikarudi vilevile, nusu tupu na nusu imejaa, kama iliyokatwa kwa kisu.

"Baba, kama mapishi yangu hayakufai, sema tu."

Akanitazama kwa mshangao. "Kwani leo ulipika mboga?"

Nikadhani ananichokoza. Kwetu kuchokozana ndiyo salamu.

Lakini kulikuwa pia na mchezo wa drafti. Tunaishi mtaa wa Kayole, ghorofa ya kwanza, na pale chini, karibu na mfereji, wazee wa ploti hucheza kwa vifuniko vya soda. Baba aliongoza treni kwa taa na bendera stesheni mpaka akastaafu, na kwenye ubao hakuwa mtu wa kushindwa ovyo. Mpinzani wake ni jirani wa mlango wa pili, dereva wa lori ambaye mdomo wake hauna breki. Baada ya kiharusi, baba alishuka ngazi na fimbo yake, akacheza, akapigwa. Kesho yake akapigwa tena. Kete zake za kushoto zililiwa moja moja naye ametulia tuli, utadhani ni za mtu mwingine.

"Mzee, umelala?" dereva akauliza. "Mimi sichezi na huruma, nakwambia mapema."

Baada ya hapo baba hakushuka tena. Aliketi kitandani, akaniuliza polepole, "Niambie ukweli. Akili yangu imeisha?"

Nilichoona ni mtu aliyekuwa tayari kujifungia chumbani maisha yake yote, na nyumbani kwetu nafasi hiyo tayari ilikuwa na mwenyewe.

Tulipoenda kliniki, nikamshtaki kwa dada mtaalamu anayemfanyisha mazoezi ya mkono. "Hataki mboga," nikasema.

"Unaziweka upande gani?"

"Kushoto."

"Umewahi kuzungusha sahani?"

Sikuwahi. Shule ya upili niliuchora ubongo kama koliflawa na kuupaka rangi vizuri sana, lakini kuzungusha sahani hakukunijia.

Dada akaanza kugusa kichwa cha baba kama mwenye nyumba anayemwonyesha mpangaji vyumba. Nyuma kabisa, akasema, ni pa kuona. Chini yake, karibu na shingo, ni pa kushika usawa ili mtu asianguke. Mbele, hapa kwenye paji la uso, ni pa kupanga mambo na kujizuia kusema upuuzi, akanitupia jicho. Kisha vidole vyake vikatulia upande wa kulia, juu ya sikio na nyuma kidogo.

"Kiharusi kilipiga hapa. Sehemu hii ndiyo inayomkumbusha mtu kwamba ana upande wa kushoto. Macho yake ni mazima. Akili yake ni nzima. Kushoto tu ndiko hakumjii."

Baba akauliza, "Kwa hivyo kete zangu zilikuwepo?"

"Zilikuwepo."

"Na mboga?"

"Mboga pia, pole," nikamjibu mimi.

Dada akatuagiza tubandike utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa vitu, na kabla ya kufanya lolote baba ageuze shingo autafute. Nikabandika kwenye sahani, meza, mlango na ubao wa drafti. Nilitarajia ubishi. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu ni mtu wa reli.

"Nyekundu si ya kubishana nayo," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Unasimama. Unaangalia. Ndipo unaruhusu."

Tukafanya mazoezi wiki baada ya wiki. Mwanzoni alisahau kila mara, nami nikigonga utepe kwa kijiko. Kugeuza shingo tu kulimtoa jasho. Kisha akaanza kunishinda kwenye drafti, jambo ambalo halikunipa moyo sana, maana hata watoto wa ploti hunishinda.

Jumapili moja, baada ya kanisa, akaniambia nibebe ubao tushuke.

"Mzee wa reli," dereva akasema, "umerudi kuliwa?"

Akacheza kama alivyozoea, upande wa kushoto wa baba akiuacha bila ulinzi. Kwa nini alinde mahali ambapo mwenzake hafiki? Kila zamu yake baba aligeuza shingo, akasimama kwenye utepe, kisha akarudi akisoma ubao mraba kwa mraba. Watu wakaanza kunung'unika kwamba anachelewesha. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Ndipo mkono wake ukaenda kushoto. Akala kete moja, akaunganisha ya pili, akaunganisha ya tatu, akatua mstari wa mwisho.

"Leta kifuniko cha kuweka juu," akasema. "Hiyo ni kingi."

Kingi ile, kete yenye ruhusa ya kwenda mbele na nyuma, ilitembea ubao wote mpaka dereva akabaki bila kete. Ploti nzima ikapiga makofi, na baba akawapungia mkono wa kushoto, ule dhaifu, akiuangalia unavyopanda. Dereva akatugeukia sote.

"Wacha niwaambie ukweli," akasema. "Huyu mzee sijawahi kumweza. Ni kiharusi kilikuwa kinanisaidia."